Siku Niliyoweka Sikio kwenye Mlango wa Choo cha Walimu

Kuna watu huanguka na baiskeli sokoni, kuna watu humwita mwalimu "mama" darasani, wanachekwa wiki moja halafu mambo yanaisha, lakini mimi nilianguka chali mbele ya wazazi wa shule nzima, Madam Prinsipo, mgeni wa heshima na kwaya ya Kidato cha Pili ikiwa imejipanga tayari kuimba, na hadi leo nikitaka kwenda maktaba nazunguka nyuma ya jikoni ili nisione kile choo. Wacha niwaambie mwenyewe vile ilikuwa, maana mwingine akiwaambia ataongeza yake, na hii haihitaji nyongeza.

Mimi ni Talaso. Nyumbani ni Rapsu, kule tunalima nyanya na vitunguu kwa maji ya mfereji, lakini nasoma bweni hapa Isiolo mjini, Kidato cha Tatu. Si mtu wa maneno. Nikiwa shule ya msingi Mama alinipeleka hospitali akidhani nina shida ya masikio, kwa sababu kengele ikilia nilikuwa naingia chini ya dawati, na daktari akakaa na mimi muda mrefu, akaniuliza maswali, akanipa vitu vya kupanga (nilivipanga vizuri sana, nilifikiri ni mtihani), mwishowe akamwambia Mama masikio ni mazima, huyu mtoto ana usonji, si laana wala si ya kuambukiza, ni vile tu ubongo wake umepangwa. Tukirudi nyumbani Mama aliniambia, "Talaso, hilo neno ni langu na lako. Rapsu wakilisikia watakuja kukufukiza moshi mpaka ukohoe damu." Kwa hivyo likawa neno letu wawili. Miaka yote hiyo sikuwahi kulisikia kwa mdomo wa mtu mwingine.

Sasa Jumamosi mchana, tukimaliza kufua, shule hutuonyesha filamu kwenye bwalo la chakula, blanketi zikiwa zimetundikwa madirishani. Filamu zenyewe ni zile za dijei, yaani ni ya Kizungu lakini kuna jamaa amerekodi sauti yake juu, anaeleza kila kitu kwa Kiswahili na Sheng, anawapa waigizaji majina anayotaka na kuongeza mambo ambayo hata hayako. Siku hiyo ilikuwa filamu ya wizi na mauaji. Kulikuwa na kijana mweupe mwembamba, hatazami mtu machoni, anapanga sarafu mezani kwa mstari, na kazi yake ni kuweka sikio kwenye sefu ya benki na kusikiliza mpaka ifunguke.

"Sasa wasee, huyu boyi mnamwona amenyamaza hivi," dijei akasema, "huyu ana usonji! Akili yake ni kompyuta, lakini roho yake ni friji!"

Bwalo lote likacheka. Neno letu, langu na Mama, likitoka kwenye spika ya shule! Nilihisi kama mtu ameanua nguo yangu ya ndani kwenye kamba akaivaa kichwani. Kuanzia hapo dijei hakumwita yule kijana kitu kingine, ni Kompyuta tu, Kompyuta ameingia, Kompyuta anasikiliza, na sikuweza kutoka kwa sababu ningepitia mbele ya watu wote, basi nikakaa nikimtazama. Nilingoja nione nani anampikia. Hakuna. Nilingoja nione mama yake. Hakuna. Anaishi kwenye chumba cheupe na sarafu zake, wanamchukua kwa gari, anafungua sefu, wanamrudisha. Halafu mwishoni ikajulikana kumbe ni yeye amekuwa akiua watu usiku kwa kisu cha jikoni, na wasichana wakaanza, "Si nilisema! Macho yake tu!"

(Nimeona nyingine za namna hiyo tangu wakati huo, na zote ni ndugu. Mtu kama mimi akitokea, jua kuna sefu ya kufunguliwa, au kuna siri kichwani mwake na majambazi wanamfuata, au kisu ni chake. Sijawahi kuona ametokea tu, ameomba chumvi mezani, amepewa, filamu ikaendelea.)

Shida yangu ilianza kengele ya benki ilipolia kwenye filamu. Kompyuta aliziba masikio kwa mikono miwili, na mimi, kwa sababu ile spika ilikuwa inanipasua, niliziba yangu dakika ile ile. Nyuma yangu mtu akapiga kelele, "Woi! Oneni Talaso! Ni Kompyuta!"

Hivyo ndivyo nilipata jina.

Jumapili yake Makena alipoteza ufunguo wa sanduku. Makena ni msichana wa hapa mjini, wazazi wake wana duka la sufuria na vyombo, yeye analala kitanda cha chini na mimi cha juu, na anaongea na kila mtu shuleni isipokuwa mimi, si kwa ubaya, ni vile tu mtu haongei na kabati. Alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku, wasichana wengine wawili kando yake, akikaribia kulia, maana sare ya kanisa ilikuwa ndani, na aliponiona akasema akijaribu kucheka, "Kompyuta, si ufungue basi, kama kwa filamu."

Nilikuwa nimeona kitu ambacho yeye hakuwa ameona. Ile kufuli haikuwa imefungwa. Chuma kilikuwa kimesukumwa tu, hakikuingia hadi mwisho. Na nisikilizeni vizuri hapa, kwa sababu hii ndiyo siku mambo yangu yaliharibika: niliamua kufanya utani. Mimi! Nilishuka kitandani, nikapiga magoti, nikaweka sikio kwenye kufuli, nikafumba macho kama Kompyuta, nikavuta. Ikafunguka. Makena akauliza kwa sauti ya chini, "Umefanyaje?" na mimi, nikiwa bado ndani ya utani wangu na nikiona ni mtamu sana, nikajibu, "Nimesikia."

Nikangoja wacheke.

Hakuna aliyecheka. Makena alikuwa ametoa macho, na wale wengine wawili walikuwa wameshikana mikono. Ndipo nikaelewa kwamba yule wa kwenye filamu hafanyi utani hata mara moja, kwa hivyo na mimi haikuwezekana nifanye. Ningesema pale pale, "Jameni, haikuwa imefungwa," ingekuwa imeisha. Lakini Makena alinishika mkono (mkono wangu!) akasema, "Leo unakula na sisi," na mimi tangu Kidato cha Kwanza nilikuwa nakula nikiwa nimesimama karibu na tangi la maji nikijifanya nina haraka. Sikusema.

Mjue pia kwamba kufuli za bweni letu karibu zote zinatoka duka moja, zile za bei ya chini, na ufunguo mmoja hufungua nusu ya masanduku ukiutikisa kidogo. Kila mtu angelijua hilo kama angejaribu, lakini nani hujaribu ufunguo wake kwenye sanduku la mwenzake, utaitwa mwizi. Mimi nilijaribu. Waliponiletea kufuli ya pili nilificha ufunguo wangu kiganjani, nikaweka sikio, nikafumba macho, nikatikisa. Ikafunguka. Ya tatu pia. Ile ya nne ilikataa, nikasema "hii imechoka" na wakatikisa vichwa kwa heshima kama nimesema kitu kikubwa. Nikawa na mahali mezani, katikati ya Makena na rafiki yake Nasra, na Makena akawa ananipitia twende darasani pamoja, anaongea njia nzima na mimi nasikiliza, na niwaambie ukweli, sikujua mtu anaweza kufurahia hivyo kusikia habari za sufuria. Usiku nilikuwa naogopa tu. Siku wakijua, nitarudi kwenye tangi.

Halafu siku ya wazazi ikafika.

Mama alitoka Rapsu alfajiri kwa lori la nyanya, akafika amevaa dirii, gauni lake refu la Idi, na vumbi mpaka kwenye kope, amebeba nyanya za walimu kwenye karai. Kabla hatujasalimiana vizuri Makena alinivuta kwa wazazi wake. "Baba, huyu ndiye Kompyuta nilikuwa nawaambia!"

"Salaam aleikum," Mama akasema.

"Aleikum salaam, mama, habari ya safari?" Baba yake Makena alikuwa mtu wa kucheka, akanipa mkono. "Kumbe ni huyu! Huyu ndiye ako na ile usonji ya akili mingi?"

Alikuwa ananisifu. Lakini Mama aliweka karai chini polepole, akaniangalia, akaniuliza kwa Kiborana umemwambia nani, nikamjibu sijamwambia mtu, ni filamu. Hakuelewa. Mtu anaelezaje kitu kama hicho, Mama hajawahi hata kuona filamu ya dijei. Nilikuwa bado natafuta maneno wakati upande wa ofisi kulianza kelele.

Mgeni wa heshima alikuwa amefika mapema, mtu mkubwa wa serikali, mnene, na kabla ya kukaa aliomba aonyeshwe choo. Wakampeleka kile cha walimu, ambacho kilikuwa kimewekwa mlango mpya wiki hiyo ili apate cha maana, na mlango mpya wa mbao mbichi ukishavimba na rangi haujui mgeni wala mwenyeji. Alifunga komeo kwa ndani. Komeo likakwama. Akabisha. Madam Prinsipo akavuta. Mwalimu wa Kemia akavuta. Wazazi wakaanza kuinuka kwenye viti wasogee waone, watoto wadogo nao wakafuata, na Madam, akiwa amejaa jasho, akauliza, "Fundi yuko wapi? Nani alimruhusu fundi aende nyumbani?"

"Madam!" Makena akapaza sauti, na kwa sauti yake nilisikia anajivuna, anajivuna na mimi, "Madam, si tuko na Kompyuta!"

Jina likashika moto. "Kom-pyu-ta! Kom-pyu-ta!" Bweni letu lote. Nilisema "hapana" lakini "hapana" yangu ni ndogo, hata mimi mwenyewe sikuisikia vizuri, na mikono ilikuwa mgongoni mwangu ikinisukuma, na nikajikuta niko mbele ya mlango na shule nzima nyuma yangu imenyamaza. Madam alinitazama kama mtu aliyekwisha kukata tamaa. "Unaweza?"

Ufunguo ulikuwa kiganjani (nilishakuwa natembea nao hivyo), lakini mlango huo haukuwa hata na tundu la ufunguo. Komeo liko ndani. Sikuwa na kitu chochote cha kufanya duniani isipokuwa kile walichokuwa wanangoja nifanye, basi nikakifanya. Niliweka sikio kwenye mlango nikafumba macho.

Ndani mtu alikuwa anapumua.

"Nani huyo?" sauti ikauliza, karibu kabisa na sikio langu.

"Ni mimi."

"Wewe nani?"

"Talaso, mheshimiwa. Kidato cha Tatu."

"Wewe ni fundi?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Sasa unafanya nini hapo?"

Mimi huwa najibu kile nimeulizwa. "Nasikiliza," nikasema.

Mheshimiwa akanguruma, "USISIKILIZE!" na bila kuniambia niondoke akaupiga mlango kwa bega lake lote. Ule mlango haukuchagua, ulikuja na komeo, na misumari, na mheshimiwa mwenyewe nyuma yake akishikilia mshipi wa suruali, na mimi nikaruka nikaanguka chali kwenye maji waliyokuwa wamemwaga wakisafisha choo kwa ajili yake. Hijabu ilinivuka. Kiatu kimoja sikukiona tena mpaka jioni. Na ufunguo, jameni, ufunguo ulitoka kiganjani ukalia kwenye simenti, tiring, tiring, mpaka kwa miguu ya Makena.

Mama mmoja nyuma alifikiri nimeufungua mlango, akapiga vigelegele. Mwalimu wa muziki, yeye aliona tu mgeni ametokea, akawapa ishara, ngoma zikaanza, kwaya ikaanza, "Karibu mgeni, karibu." Watu walikuwa wanacheka mpaka wanashikana. Sikatai, ilichekesha. Lakini zile ngoma zilikuwa karibu sana, na vigelegele, na vicheko, zote ziliingia kwa mlango mmoja kichwani mwangu zikakwama, na nikafanya kile mwili wangu hufanya wenyewe, nikaziba masikio, nikajikunja, nikaanza kutoa ile sauti ya "mmmm" ambayo shuleni nilikuwa nimefanikiwa kuificha kwa miaka miwili na nusu.

Na hapo ndipo kicheko kiliisha. Nikasikia msichana anasema, "Msimkaribie! Kwa filamu alifanya hivyo hivyo kabla ya kutoa kisu!"

Wakarudi nyuma. Niliona miguu tu, viatu vya shule, viatu vya wazazi, vikirudi nyuma, vikiniachia duara kubwa la simenti yenye maji. Viatu vya Makena nilivijua, vina kamba za zambarau. Alikuwa ameokota ufunguo. Alikuwa na mdogo wake wa chekechea mkononi, na nikaviona viatu vile vinasita kidogo, halafu vinarudi nyuma, na vile vya mtoto vikivutwa kwa nguvu kando yake. Kuanguka kulikuwa aibu. Hii haikuwa aibu. Sijui ni nini. Watu waliokula na mimi meza moja walikuwa wanaogopa nitawachoma kisu, mimi, ambaye hata nyanya nyumbani hukatiwa kwa sababu sauti ya kisu kwenye sahani huniumiza.

Kisha ile dirii ya Idi ikaja ikakaa kwenye maji.

Mama hakunigusa, anajua nikiwa hivyo nisiguswe. Alikaa tu karibu, akatanua mtandio wake juu yangu nisione watu. Mwanamke mmoja akauliza kwa huruma, "Mama, ni mapepo?"

"Ni kelele," Mama akasema. "Waambie wanyamazishe hizo ngoma."

"Lakini amekuwa nini?"

Nilimsikia anavuta pumzi. "Ana usonji," akasema, kwa sauti ya kusikika, kwa Kiswahili, mbele ya kina mama wa Rapsu wawili ambao walikuwa wamekuja naye kwenye lori moja. "Tangu azaliwe. Sasa nyamazisheni ngoma."

Ngoma zikanyamaza. Mgeni wa heshima alihutubia dakika chache tu, akaenda. (Alisema elimu ni ufunguo wa maisha. Hakuna aliyeweza kuangalia mwenzake.)

Makena alinirudishia ufunguo jioni, tukiwa bwenini, akiwa amesimama mbali kidogo. Hakuwa amekasirika kama nilivyodhani. Alikuwa kama mtu aliyenunua kitu na amefika nyumbani akakuta ni sanduku tupu.

"Kwa hivyo ulikuwa unatumia hii."

"Ndiyo. Ile ya kwanza haikuwa imefungwa. Nilikuwa natania."

"Ulikuwa unatania?" Alirudia kama ameambiwa kitanda chake kimetania. "Na ile usonji, nayo ni uongo?"

"Hiyo ni ya ukweli."

"Lakini huwezi kufungua kitu."

"Siwezi."

"Huna kitu ingine? Hesabu? Kukumbuka namba za gari?"

Nilifikiri kwa uaminifu kabisa. Hesabu huwa napata D. "Napenda harufu ya vitunguu vikiwa bado na udongo," nikasema.

Makena akaniuliza, na naapa hakuwa na ubaya wowote, alikuwa anataka kujua kweli, "Sasa ni usonji ya nini?"

Nilipanda kitandani kwangu. Nilirudi kwenye tangi la maji, na hakuna aliyenifukuza mezani, lazima niseme hivyo, ni nafasi tu ilijifunga, Nasra alisogea kidogo upande huu na Makena upande ule. Jumamosi sasa filamu zikianza nakaa nje kwenye ngazi za maabara. Bado nasikia dijei kupitia blanketi. Wenzangu wananiacha, lakini nikipita ghafla nyuma ya mtu bwenini anashtuka, halafu anasema "pole" haraka haraka, na hiyo pole ndiyo inaniuma kuliko Kompyuta. Nyumbani Mama anasema wale wa lori walishaeneza kila mahali, wengine wameleta ubani, amewarudisha nao. Anasema hajuti. Anasema mengi siku hizi, kama mtu aliyetua gunia.

Kwa hivyo nimeapa. Sikio langu halitawekwa tena kwenye kufuli, mlango, wala ukuta wowote wa serikali. Na nikitaka kutania, nitatangaza kwanza kwamba huu ni utani, nijue mwenzangu amejiandaa.

Jana nilijaribu. Nilimpigia Mama kwa simu ya shule, ile ya ukutani yenye kadi, nikasema, "Mama, sasa nitakuambia utani," na kwa kuwa nilikuwa nimejali sana kuutangaza nikasahau utani wenyewe ulikuwa gani. Nikanyamaza. Mama naye akanyamaza, akingoja. Halafu akaanza kucheka, akacheka vile nilikuwa sijamsikia tangu zamani, na mimi nikacheka pia, mpaka kadi ikaisha katikati ya kicheko chake. Nikabaki na mkono wa simu sikioni, natabasamu na ukuta.

"Maliza basi," foleni ikasema nyuma yangu. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa amesimama hatua kadhaa kutoka kwangu, mbali kuliko watu wanavyosimama kwenye foleni.